Gari la mbao Garsen: bampa na mlango wa nyuma visiolewe pamoja

Wasomaji wangu, leo naomba tuweke msimbo kando. Nitazungumzia sehemu ya gari ambayo watu wengi huifikiria mwisho kabisa, fedha zikiwa zimekwisha na fundi amechoka: mlango wa nyuma na bampa. Msimamo wangu nausema mapema ili asiyekubaliana nami ajiandae. Ukijenga gari la bodi ya mbao la kutumika huku Tana River, anza kuchora kutoka nyuma. Mbele Mjapani alishakufanyia kazi zamani. Pembeni ni kuta tu. Nyuma ndiko mzigo unakoingilia, mgonjwa anakoingilia, vumbi linakoingilia, na ndiko lori litakakokugonga usiku usipoonekana.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya miaka ya 1980 ya ami yangu, hapa Garsen. Sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo imeliwa na kutu mpaka ukiwa ndani unaiona barabara. Chasisi ni nzima, injini inawaka asubuhi bila kusukumwa. Tumekubaliana tuondoe bati lote lililooza, tujenge bodi ya mbao kuanzia nyuma ya dereva: paa, madirisha, viti vya pembeni vinavyokunjwa. Yaani stesheni wagoni. Kazi zake zinajulikana. Maembe kutoka mashamba ya kando ya mto msimu ukifika, magunia ya mchele, watu wa harusi, na mara nyingi kuliko tunavyopenda, mgonjwa wa kukimbizwa Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 100.

Ami na fundi wana mchoro wao kichwani. Mlango mmoja mkubwa unaoanguka chini, bampa limefungwa juu ya mlango huo huo, taa na namba ya gari pia hapo hapo. Ukiushusha unapata jukwaa la kupakia na ngazi ya kupandia, kwa gharama ya kitu kimoja. "Mwanangu," fundi aliniambia, "kitu kimoja kikifanya kazi tatu si ndiyo akili?" Kwa heshima zote nilimjibu, "Fundi, kitu kimoja kikiharibika, kazi tatu zimekufa." Watengeneza programu wanalijua jambo hili vizuri. Sehemu zikishikana sana, ukigusa moja zote zinalia. Bampa, mlango na taa ni vitu vitatu, na kila kimoja kina siku yake ya kuumia.

Kabla sijaendelea, msidhani tunabuni jambo geni. Zanzibar wamejenga daladala za bodi ya mbao juu ya chasisi za malori kwa miongo mingi, mabenchi yakiwa pembeni na abiria wakipandia nyuma. Dar es Salaam walikuwa na chai maharage zao. Marekani, Ford walianza kuuza stesheni wagoni ya mbao mwaka 1929. Uingereza, Morris Minor Traveller ilitengenezwa kuanzia 1953 hadi 1971 na fremu ya mti wa ash ambayo si pambo: ikioza, gari linakosa nguvu. Halafu kuna Africar, ambayo kila mpenda magari wa Afrika Mashariki angepaswa kuisikia. Mwingereza Tony Howarth, mpiga picha aliyeona jinsi magari ya Ulaya yanavyoteseka kwenye barabara zetu, alijenga magari ya plaiwudi iliyolowekwa epoksi juu ya mitambo ya Citroën 2CV, na mwaka 1984 wakayaendesha kutoka Aktiki hadi ikweta. Magari yalifika. Kampuni ndiyo haikufika: ilianguka 1988. Plaiwudi haikuwa tatizo, hesabu za biashara ndizo zilizooza.

Hapa Kenya tukisema "kutengeneza gari" tunawaza injini. Nyayo Pioneer iliagizwa 1986 ikaonyeshwa 1990, na tukaishia hapo. Mimi naona injini tuwaachie wenye viwanda. Bodi ndiyo kazi ambayo seremala wa Garsen anaweza kushindana na mtu yeyote, akipewa mchoro unaofikiri.

Haya, tuanze na bampa.

Bampa lazima lishike chasisi. Si mlango, si sakafu ya mbao, si nguzo za bodi. Ukigongwa kwa nyuma, nguvu inatafuta njia ya kupita. Ikipita kwenye chasisi, vyuma viwili virefu vya chini vinaibeba. Ikipita kwenye mlango inaingia ndani walipo watu. Watoto wakiwa wamekaa kwenye mabenchi ya pembeni, magoti yao yako sentimita chache tu kutoka kwenye mlango huo. Kwa hiyo mabano mawili ya chuma, kila moja limefungwa kwa bolti kwenye ncha ya chasisi, na juu yake chaneli ya chuma, na juu ya chaneli ubao mzito. Ndiyo, ubao. Sioni aibu ya bampa la mbao. Ubao ukigongwa hupasuka, na kupasuka kwake kunakula nguvu. Ukipasuka unanunua mwingine. Yale mabampa ya vipande vya reli yanayochomelewa na mafundi wetu yanapendeza kwa ubabe, lakini hayapindi hata kidogo. Yanapeleka pigo lote kwenye chasisi na kwenye shingo za waliomo ndani, na siku ukimgonga mwenye bodaboda utajua umefunga nini.

Nasisitiza bolti badala ya kuchomelea kwa sababu mbili. Joto la kuchomelea huacha sehemu dhaifu pembeni ya mshono, na chasisi ya miaka 40 ina matatizo yake tayari. Pili, siku mabano yakipinda unayafungua, unayanyoosha kwenye nyundo ya jua kali, unayarudisha.

Urefu kutoka ardhini ndio mvutano wa kweli. Bampa likiwa chini sana linakwama kwenye laga. Likiwa juu sana gari dogo litaingia chini yako. Wamarekani wanapima mabampa ya magari madogo kati ya inchi 16 na 20, yaani takriban sentimita 41 hadi 51, ili bampa likutane na bampa. Kwa malori, kanuni namba 58 ya Umoja wa Mataifa ilitaka kwa miaka mingi kizuizi cha nyuma kisizidi milimita 550 kutoka ardhini. Mwigizaji Jayne Mansfield alifariki 1967 gari lake lilipoingia chini ya trela, na mpaka leo Wamarekani wengine wanakiita kizuizi hicho kwa jina lake. Anayesafiri usiku kati ya Malindi na Garsen anajua malori yenye mkia wa juu na giza. Lori likiharibika huko, matawi yanawekwa barabarani, na matawi hayang'ai.

Mimi nimechagua sentimita 45. Kutoka gurudumu la nyuma linapogusa ardhi mpaka bampa ni sentimita 90. Ukigawa 45 kwa 90 unapata mteremko wa nusu, pembe ya takriban nyuzi 26 na nusu. Gari likitoka lagani likiwa limeinua pua, mkia hautasugua ukingo mpaka pembe hiyo ipitwe. Ami alitaka aongeze sentimita 30 za bodi ili magunia mengine yaingie. Kwa urefu huo huo wa bampa pembe inashuka hadi chini ya nyuzi 21. Nikamchorea na kijiti mchangani, akatazama, akasema "Hebu acha hivyo hivyo." (Nilikuwa na mchoro mzuri kwenye FreeCAD, wenye rangi. Hakuna aliyeujali. Kijiti na mchanga vilimaliza kesi.)

Sasa mlango. Kuna njia tatu: mmoja unaoanguka chini, miwili inayofunguka pembeni kama milango ya nyumba, au uliokatwa kwa ulalo, nusu ya chini inashuka na nusu ya juu inainuka.

Milango ya pembeni inavutia. Morris Traveller ilikuwa nayo, na sisi watu wa pwani tuna mwalimu wetu karibu zaidi: mlango wa Lamu, milango miwili inayokutana katikati na mfaa ukifunika ufa. Ni kazi nzuri. Lakini naupigia kura mlango wa ulalo, na sababu yangu kubwa ni maji.

Mto Tana hauombi ruhusa. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 wazee wanayasimulia bado. Yalikuja ya 2018, yakaja ya mwisho wa 2023, yakarudi 2024. Mwezi Aprili 2024 basi lilisombwa na maji Tula, katika kaunti yetu hii, na abiria zaidi ya 50 wakaokolewa baada ya kupanda juu ya paa. Waliokoka kwa sababu walipata njia ya kutoka kwenda juu. Sasa fikiria gari letu limezima katikati ya maji yanayofika kiunoni. Mlango mmoja mkubwa unaoanguka chini unasukumwa na maji kwa nje, na hata ukifunguka unaingia majini. Milango ya pembeni inasukumwa vilevile, mkondo ukiikamata. Mlango wa ulalo una nusu ya juu ambayo bado iko hewani. Unaisukuma, inainuka, mnatoka mmoja mmoja na kushika paa.

Lakini hilo linataka komeo linalofunguka kutoka ndani. Tembeeni muangalie mapikapu yaliyofunikwa mjini. Karibu yote yana kitasa nje tu, na mengine yana kufuli! Watu wamefungiwa ndani kama mbuzi wa mnada. Kwangu hili halina mjadala: mpini mkubwa ndani ya nusu ya juu, uliopakwa rangi nyekundu, ambao mtoto anaweza kuuvuta gizani bila kufundishwa. Kiolesura kizuri ndicho hicho.

Kuna hatari ya pili isiyoonekana. Gari lenye mgongo wima likitembea, hewa nyuma yake inakuwa na mgandamizo mdogo na inazunguka kurudi ndani. Ndiyo maana gari likifungwa dirisha za mbele na kuachwa wazi nyuma linajaa vumbi. Pamoja na vumbi huja moshi wa ekzosi, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlaza mtu asiamke. Mgonjwa aliyelala sakafuni, kichwa kikiwa upande wa nyuma, ndiye wa kwanza kuivuta. Ami anapenda kuendesha mlango ukiwa umeshushwa ili magodoro marefu yatokeze. Kwa mizigo, sawa. Kukiwa na mtu nyuma, hapana, na hili nimeliandika kwa chaki ukutani. Tumekubaliana bomba la ekzosi litoke pembeni mpaka kwenye ukingo wa nje wa bodi, upande wa dereva mbali na waliosimama kando ya barabara, badala ya kuishia chini ya mlango. Na ukingo wote wa mlango upate mpira wa kuziba. Mpira wa ndani wa tairi ukikatwa vipande na kukunjwa mara mbili unatosha. Sio kila kitu kiagizwe.

Taa hazikai mlangoni. Mlango ukishushwa, taa zilizo juu yake zinaangalia ardhi na namba ya gari inatoweka. Baadhi ya magari ya mbao ya Marekani yaliutatua mtihani huu kwa bano linalobembea, ili taa na namba vibaki wima mlango ukiwa chini. Ni akili, lakini bawaba hiyo moja ya ziada kwenye vumbi la huku itakwama ndani ya mwezi. Taa zetu zimefungwa kwenye miimo miwili ya pembeni, isiyosogea kamwe. Namba iko chini ya taa ya kulia, na kila mwimo una utepe wa kuakisi mwanga. Nyaya zinapita ndani ya mwimo na hazikunjwi kila mlango unapofunguliwa, kwa hiyo hazikatiki.

Mlango wa chini unashushwa mpaka ulale sambamba na sakafu, ukishikwa na minyororo miwili. Unabaki juu ya bampa, bila kuligusa, kwa nafasi ya sentimita 3. Bampa nalo limetokeza sentimita 10 nyuma ya mlango ili dereva asiyeona nyuma agonge ukuta kwa bampa. Mtu akikaa kwenye mlango ulioshushwa, mnyororo ulioinama nyuzi 45 unavutwa kwa nguvu zaidi ya uzito unaoubeba, karibu mara 1.4. Kwa hiyo ule mnyororo mwembamba wa mbwa alioleta ami tumemrudishia mbwa. Minyororo tumeivalisha mpira wa kumwagilia maji ili isikate vidole.

Tuje kwenye mbao, na hapa mimi ni mwanafunzi wa fundi. Mbao haziongezeki urefu wa maana, ila upana unacheza na unyevu. Ukipanga mbao upande kwa upande kufikia mita 1 na sentimita 20, na zikavimba kwa asilimia 1 tu, ni milimita 12. Mlango uliofungwa vizuri Februari kwenye joto kavu hautafunguka Mei kwenye mvua za masika. Nilipendekeza plaiwudi ya baharini kama Africar. Fundi alipendekeza fremu yenye mifereji, mbao za katikati zikikaa ndani ya mifereji bila gundi wala misumari, ziwe huru kupumua. Ameshinda yeye. Plaiwudi hiyo ingetoka Mombasa kwa bei ya kutisha, na ikipasuka Kipini hakuna wa kuirekebisha.

Mvule ungefaa, lakini ni adimu na ghali. Mwembe upo tele, ila wadudu wanaupenda kuliko sisi tunavyoupenda. Kwa mbao za katikati tumechukua mwarobaini, mchungu kiasi kwamba mchwa wanaupa nafasi. Kwa vipande vifupi vya fremu nimesukuma jambo ambalo kila mtu alicheka: mathenge! Ndiyo, mti ule ule ulioletwa kuzuia jangwa na ukazuia kila kitu kingine, uliowang'oa meno mbuzi wa Baringo na kuziba malisho ya wafugaji wetu. Mbao zake ni ngumu, nzito, na hazichezi sana na unyevu. Ndugu yake wa Marekani, mesquite, anasifika kwa maseremala kwa sababu hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba amepinda, hupati ubao mrefu ulionyooka. Lakini fremu ya mlango wa chini haihitaji vipande virefu isipokuwa miwili. Ninaamini kabisa kwamba Tana River ina ghala la mbao linalojimea bure, nasi tunalichoma makaa tu.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwenye gari la mbao ngama ni ukingo wa chini wa mlango wa nyuma. Maji yote ya mvua na ya kuoshea samaki yanaishia hapo, na hapo ndipo kuoza kunapoanza. Basi ukingo huo umekatwa kwa mteremko, mfereji wa chini una matundu ya kutolea maji, na sakafu inaishia kabla ya kuugusa mlango. Nusu ya juu inaufunika ufa kwa ubao mwembamba unaotokeza nje, kazi ile ile ya mfaa, ila umelala. Badala ya vanishi inayobanduka juani, fundi anataka mafuta yapakwe kila baada ya mvua, kama wenye majahazi wanavyopaka sifa. Mafuta ya samaki kwenye gari la harusi? Tumeafikiana mafuta ya kitani.

Upande wa sheria usipuuzwe. Ukibadilisha bodi, gari linapaswa kukaguliwa na kumbukumbu zake za NTSA kurekebishwa. Hatujengi matatu. Bodi za magari ya abiria zina kiwango chake, KS 372, na anayetaka kubeba watu kwa nauli asiniige mimi. Ila nimekataa pia ngazi ya kusimamia nyuma ya bampa. Ami anasema vijana watahitaji mahali pa kushika wakati wa maembe. Najua kitakachofuata, kwa sababu sote tuliona makanga wakining'inia kabla ya Sheria za Michuki za Februari 2004 kuwataka abiria wakae na wafunge mikanda, na tumewaona wengi tena baada ya hapo. Ukiweka ngazi, umeweka abiria. Tutatumia kigoda cha kukunja, kinachokaa ndani gari likitembea.

Kimebaki kitu kimoja hatujaafikiana: nusu ya juu ishikiliwe na nini ikiinuliwa. Mimi nataka bomba za gesi kutoka kwenye gari bovu la gereji. Fundi anasema gesi itaisha, na siku hiyo mlango utamwangukia mtu kichwani, bora kijiti cha mathenge chenye mkato na kamba. Nimepima bomba mbili za gari bovu na moja tayari ni laini. Kijiti kinaongoza.